Kidole Gumba Changu na Mashini ya Bwana Rajabu

Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimefungua injini za lori, za trekta, za kuvuta maji, hata moja iliyotoka kwenye meli sijui ya nani ikafika Nairobi imefungwa kamba kama mbuzi wa kuchinjwa, na zote nilizifungua, nikazifunga, zikawaka, na shule nilienda hadi darasa la tatu tu, tena hilo la tatu lenyewe sikulimaliza (mwalimu alinifukuza kwa kufungua baiskeli yake hadi nati ya mwisho, hakungoja hata niifunge). Kwa hivyo nikiwaambia kwamba kuna siku moja niliaibika Dandora mbele ya foleni ya watu waliobeba mahindi, na aibu yenyewe niliijenga kwa mdomo wangu mwenyewe, mjue sisemi kwa kupenda. Nasema kwa sababu wengine huisimulia vibaya, wanakatiza pale ninapoaibika na kuacha pale ninaposhinda.

Ilikuwa miaka ya sabini kuelekea mwisho, Dandora bado ni mawe na vumbi, mtu amepewa plot yenye choo na bomba la maji akaambiwa hayo mengine ajenge mwenyewe. Stima haikuwa imefika upande wetu. Mwenye mashini ya kusaga unga alikuwa Bwana Rajabu, mtu wa Majengo ambaye wazee wake walitoka pwani, mpole, msemaji wa taratibu, kofia haimtoki kichwani, na mashini yake ilizungushwa na injini ya dizeli ya pistoni nne iliyotolewa kwenye lori lililokufa. Alikuwa ameifunga chini kwa saruji ndani ya kibanda cha mabati, upande mmoja umesukumwa ukutani kabisa, upande wa pili, wenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma, unatazama mlango, na hapo ndipo mkanda ulipopita kwenda kuzungusha kinu.

Basi mpwa wake Bwana Rajabu alikuwa ameing'oa pampu ya dizeli ili aisafishe, na aliisafisha vizuri sana, iling'aa kama sufuria ya harusi, ila hakuweka alama ya jinsi ilivyokuwa imekaa. Ndiyo nikaitwa, Jumamosi asubuhi.

Nikafika. Nje foleni tayari imejipanga, na Jumamosi foleni haikuwa ya watu, ilikuwa ya vyombo, debe nyuma ya debe nyuma ya beseni, wenyewe wamekaa kando wakipiga gumzo, na hakuna mtu angethubutu kusogeza debe la mwenzake. Debe la kwanza kabisa, lililogusa kizingiti, lilikuwa la Bi Mwanajuma, bibi mmoja mjane aliyepika vitumbua vya kuuza, ambaye alikuwa ameliweka pale tangu alipotoka kusali alfajiri.

Bwana Rajabu akanivuta pembeni. "Fundi," akaniambia, "mimi nina mashini tatu, hii na mbili nyingine, nami nimechoka kukimbizana na mafundi. Nataka mtu mmoja awe anazitazama zote, nimlipe kwa mwezi. Kuna kijana kule Industrial Area, ana cheti cha chuo, watu wanamsifu. Nimeanza na wewe kwa kuwa uko karibu."

Kwa kuwa niko karibu! Jamani. Mimi ambaye nilikuwa nafanya kazi chini ya mti kando ya barabara, sanduku la vifaa likilala chini ya kitanda changu, nikiota kila siku gereji yangu yenye paa. Mashini tatu kwa mwezi ndiyo paa lenyewe hilo. Na sasa naambiwa nimechaguliwa kama duka la kona. Nikamwinulia kidole gumba cha mkono wa kulia, nikamwambia, "Bwana Rajabu, cheti changu ni hiki."

Sikuwa natania. Pampu na injini zisipopangwa pamoja ni kama mpishi na mlaji wasioambiana saa ya chakula, dizeli inapikwa wakati hakuna wa kuila. Kwa hivyo kwanza lazima uipate ile tunayoita topu ya pistoni ya kwanza, maana yake pistoni ya kwanza iwe imepanda hadi mwisho kabisa wa njia yake, imebana hewa, haiwezi kwenda juu tena. Sasa pistoni hupanda juu mara mbili, mara moja ikibana hewa, mara nyingine ikitoa moshi tu, na ukiikuta inatoa moshi ukadhani inabana, umekwisha. Wenye vyeti wana saa zao za kupimia. Mimi natoa nozo, kile kichuma kinachopulizia pistoni dizeli, naziba tundu lake kwa kidole gumba, mtu anazungusha injini polepole, na hewa ikianza kunisukuma kidole najua inabana. Kisha natumbukiza spoki ya baiskeli kwenye tundu, naiangalia ikipanda, ikipanda, mpaka inasimama. Hapo ndipo topu. Sijawahi kukosea.

Nilikuwa naanza kufungua nozo wakati kijana mmoja kwenye foleni aliponipigia kelele: "Buda, hii kitu itawaka leo ama turudi na mahindi yetu?"

Watu wakacheka. Ningenyamaza. Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mimi nikasimama mlangoni, spana mkononi, nikasema kwa sauti ya mtu anayegombea udiwani: "Sikilizeni! Mashini hii isiponguruma kabla ya adhana ya adhuhuri, kila mwenye chombo kwenye foleni hii atasagiwa bure, na atakayelipa ni mimi!"

Bi Mwanajuma akauliza taratibu, "Kila chombo, mwanangu?"

"Kila chombo, Bi."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Kazi yenyewe, kwangu mimi, ni ya saa moja. Foleni ilikuwa na vyombo kama thelathini hivi.

Nikaingia kazini. Pistoni ya kwanza ni ipi? Hata sikujiuliza. Nilianza na ile iliyo karibu na mlango, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu, na kwa sababu upande wa pili ulibanwa ukutani, hata paka angepita kwa shida. Nikatoa nozo yake, nikaweka kidole, Bwana Rajabu akazungusha flaiwili kwa mtaimbo, mimi namwambia "polepole, bwana, polepole," mpaka hewa ikanisukuma kidole ikatoka fyuu! Watu waliokuwa mlangoni wakasema "aaah." Nikatumbukiza spoki, ikapanda, ikasimama. Topu. Safi kabisa. Pampu nayo ina alama yake iliyochongwa kiwandani, ukiilinganisha ujue pampu iko tayari kulisha pistoni ya kwanza, nami nikailinganisha, nikaifunga, nikairudisha nozo, nikaunga mabomba yote manne, nikatoa hewa kwenye dizeli, nikajipangusa mikono (saa nne na dakika arobaini, saa yangu haikukosea), nikaagiza betri ziungwe.

"Bwana Rajabu, washa."

Akawasha. Ikazunguka gu-gu-gu-gu-gu, na kwenye bomba la moshi ukatoka moshi mweupe mzito, wa dizeli isiyoungua, unaochoma macho, ukatoka ukageuka ukarudi ndani ya kibanda. Unga uliokuwa umelala juu ya maboriti miaka yote hiyo ukatikisika ukatumwagikia, na kabla sijasema neno injini ikapiga mwayo mmoja, bufu! halafu kimya. Tukatoka nje tukikohoa, mimi na Bwana Rajabu, weupe kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Imewaka?" akauliza yule kijana.

"Inajiandaa," nikajibu.

Nikarudia. Nikafungua pampu, kidole tena, spoki tena, alama tena, kila kitu mahali pake, nikafunga, washa, gu-gu-gu, moshi, bufu. Nikarudia mara ya tatu. Kidole changu kilikuwa hakidanganyi, na injini nayo haidanganyi, na wote wawili hawakubaliani, na mimi katikati yao natoka jasho juu ya unga mpaka nikawa nina ugali shingoni.

Na huko nje je? Mtu alikuwa amekwenda akasema kwa jirani, jirani akasema bombani, na bombani, ndugu zangu, ndipo Dandora yote ilipopata habari zake. Nilipochungulia saa tano na nusu foleni ilikuwa imepita kibanda cha kinyozi, imepinda kona, imepotea. Wengine hawakuwa na mahindi, walikwenda kununua ili wasikose. Kuna mama alileta mtama, mwingine muhogo mkavu, na mwanamume mmoja (huyu sijamsamehe mpaka leo) alitoka njia ya Gikomba akisukuma mkokoteni wenye magunia, akasimama akajifuta jasho akauliza kwa heshima, "Ni hapa pa bure?"

Bwana Rajabu alikuwa anatazama saa yake na kutazama barabara ya kwenda Industrial Area, na mimi najua maana ya kutazama barabara.

Halafu nikasikia sauti ninayoijua. Kwa sababu ya ule moshi Bwana Rajabu alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa kibanda, mlango mdogo uliokuwa haufunguliwi siku zote, ule ulio upande wa ukuta ilikobanwa injini, na hapo hapo wale wa mwisho kwenye foleni, waliokuwa wamezunguka mpaka nyuma, wakajikuta wako mlangoni. Na wa mwisho kabisa, ambaye sasa debe zake mbili zilikuwa kizingitini, alikuwa mke wangu.

"Nimeambiwa kuna mjinga anasagia watu bure," alikuwa anawaambia wenzake, kwa furaha, "nikasema ngoja nikimbie kabla hajapata akili." Kisha akachungulia ndani, akaniona, mimi mweupe kama mzimu, spoki mkononi. "Baba Njeri," akasema, "ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni wewe unalipa?"

"Kama haitawaka kabla ya adhana."

Akageuka kutazama foleni yote, mpaka ilikopinda kona, akanigeukia. Nilijua anahesabu. Lakini hakulia wala hakupiga kelele, mwanamke huyo, alichofanya ni kuzisukuma debe zake ndani kidogo. "Basi mimi nisagiwe wa kwanza," akasema. "Kama pesa ni zetu na unga uwe wetu."

Weeh! Ni kama alikanyaga nyuki. Bi Mwanajuma aliinuka kule mlango wa mbele, na sikujua mtu mzima wa umri ule angeweza kupita kati ya madebe kwa kasi ile.

"Ewe binti! Wa kwanza nani?"

"Mimi niko mlangoni, mama. Angalia mwenyewe."

"Mlango upi? Huo umefunguliwa sasa hivi kwa ajili ya moshi!"

"Mlango ni mlango, mama."

Bi Mwanajuma akaweka mikono kiunoni. "Sikiliza nikwambie. Mimi debe langu lilitangulia hapa tangu alfajiri. Wafungue mlango wa nyuma, wafungue wa ubavuni, waizungushe nyumba nzima itazame Thika, wa kwanza ni mimi na wa mwisho ni wewe! Kufungua mlango hakunitoi mahali pangu!"

Watu wakashangilia. Wengine wakawa upande wa mke wangu, wakaanza kugombana. Lakini mimi sikuwa nawasikia tena. Nilikuwa nimesimama nikiitazama ile injini kama mtu aliyemwagiwa maji.

Waizungushe nyumba nzima. Hii injini haikuzaliwa kwenye kibanda, ilizaliwa kwenye lori! Na kwenye lori pistoni ya kwanza ni ile iliyo mbele, upande wa rejeta, na flaiwili iko nyuma, upande wa gia. Bwana Rajabu aliponunua injini akaifunga flaiwili ikitazama mlango, akaigeuza mgongo. Pistoni niliyokuwa nikiipapasa asubuhi nzima kwa kidole changu cha cheti, eti ya kwanza, ilikuwa ya nne! Na ya kwanza na ya nne hupanda pamoja kama mapacha, spoki haiwezi kukuonyesha tofauti, lakini moja ikiwa inabana hewa, mwenzake anatoa moshi. Kwa hivyo alama ya pampu ilikuwa inalisha pistoni ya kwanza saa ile ile ambayo pistoni ya kwanza inatoa nje kila kitu. Mara tatu! Nilifanya kosa lile lile kwa ustadi mkubwa mara tatu.

"Bwana Rajabu," nikasema, "fungua nozo ya kule ukutani."

"Kule hapaingiliki, fundi."

"Mimi nitaingia."

Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapanda juu ya injini nikalala kifudifudi, kichwa chini kati ya chuma na mabati, mkono mmoja ukiifungua nozo na kuziba tundu, na mwingine hauna pa kushika, na nilikuwa nateleza. Mke wangu akaruka juu ya debe zake akanidaka mshipi wa suruali kwa nyuma, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe kwenye josho, na hapo, nimening'inia, miguu juu, Dandora yote ikitazama makalio ya suruali yangu, ndipo alipoamua kuniambia yote aliyokuwa ameyaweka moyoni. Kwamba mdomo wangu utatulaza nje. Kwamba hata siku ya posa nilimwahidi baba yake mbuzi wawili zaidi ya walioombwa, na hakuna aliyeniuliza. Kwamba kama Mungu angenipa ulimi mfupi na kidole kirefu tungekuwa na nyumba.

"Mama Njeri," nikamwambia nikiwa chini huko, "vuta kidogo kushoto."

Akavuta kushoto. Bwana Rajabu akazungusha mtaimbo, "bismillahi," na hewa ikakisukuma kidole changu gumba, fyuu, kwa nguvu, pale ukutani, mahali ambapo ilikuwa ikiningoja tangu asubuhi. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile. Nikatumbukiza spoki, ikapanda, ikasimama. "Usiniachilie!" nikapiga kelele, nikairudisha nozo, nikavutwa nje kama gunia, nikaikamata pampu, nikaifungua, nikaifunga upya kwa alama yake, bomba la kwanza, la pili, la tatu, nati zinazunguka zenyewe, watu wameacha kugombana, na nilikuwa na nati moja tu ya bomba la nne imebaki wakati kwenye msikiti wa mabati, nyuma ya plot za mbele yetu, mwadhini alipokohoa kusafisha koo.

Nati moja. Nikaikaza huku adhana ikiendelea. Yule kijana alianza kupiga makofi, watu wakamnyamazisha. Bwana Rajabu akainamisha kichwa, akangoja mpaka adhana ikaisha yote, kisha, bila kuniangalia, akawasha.

Gu-gu, halafu ikadaka! Injini ile ilinguruma mpaka mabati yakaimba, moshi mweupe ukakatika ukawa mwembamba, mkanda ukakaza, kinu kikaanza kuzunguka, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka watu wakatoka nje ya nyumba zao kuuliza nani anaoa. Wa Gikomba alirusha kofia. Mke wangu alikaa juu ya debe lake akacheka mpaka akalia. Mimi nilisimama katikati, mweupe, suruali imevutwa hadi kifuani, nimeinua kidole gumba juu kama bendera, na nawaambia, siku ile kama ungeniletea waziri yeyote tubadilishane naye nafasi ningemkataa.

Bwana Rajabu alikuja karibu, akasema sikioni kwa sababu ya kelele: "Umechelewa kwa nati moja, fundi."

"Najua."

"Ahadi yako utailipa."

"Nitalipa."

"Vizuri. Yule wa cheti angetaka niivunje saruji na kuigeuza injini kwanza. Jumatatu uende ukatazame ile mashini ya pili, inavuja maji."

Basi, gereji yangu mnaijua, ina paa, na wenye vyeti wananifanyia kazi, watatu. Na hakuna anayegusa pampu kwangu kabla hajaniambia, ya kwanza ukihesabu kutoka wapi? Huo ni mwiko. Wa pili ni wangu mwenyewe: siahidi tena kazi kwa saa fulani mbele ya foleni, hata mkinibembeleza.

Walisaga mpaka jua likazama, mahindi, mtama, muhogo, na magunia ya yule wa mkokoteni. Bi Mwanajuma alisagiwa wa kwanza, akanilazimisha kupokea shilingi zake mbili, akasema yeye alifika kabla ya ahadi yangu na hataki deni la mtu. Waliobaki wote nililipa mimi, pamoja na debe mbili za mke wangu, ambaye alisimama kando ya Bwana Rajabu kuhakikisha hakuna chombo kilichohesabiwa mara mbili. Jumla ilikuwa shilingi mia mbili thelathini na moja na senti hamsini.